Julai Watu Huenda Kwao

Watu wengi hudhani kinachomtesa mtu wa pwani akihamia kaskazini ya mbali ni baridi. Mimi baridi ya Ufini niliikuta nimejiandaa nayo. Nilikwenda Oulu kusomea uuguzi nikiwa na koti, buti na maneno ya kutosha ya watu walionitangulia, na theluji ilipoanguka nilijua la kufanya. Kiangazi ndicho kilichonikuta mikono mitupu. Kilinikosesha usingizi, kikanichosha, na zaidi ya yote kikanionyesha wazi kwamba mimi ni mgeni, jambo ambalo giza la Desemba lilikuwa halijanionyesha. Nimechukua muda mrefu kuelewa sababu, na sababu yenyewe niliielewa kwa kuifikiria Jilore.

Jilore iko digrii tatu hivi kusini mwa ikweta, kando ya mto Sabaki, ndani kidogo kutoka Malindi. Huku mchana na usiku hugawana siku nusu kwa nusu mwaka mzima. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Ndiyo maana tunaweza kuhesabu saa zetu kuanzia macheo na tusipotee. Mtu aliye shambani hutazama kivuli chake, na kikishakusanyika karibu na nyayo anajua ni wakati wa kuweka jembe chini na kwenda chini ya mwembe. Jioni nayo haina mjadala. Kutoka jua kuzama hadi giza kushika ni muda wa kufunga mbuzi na kuingiza kuku, basi. Ukimaliza, kila mtu yuko uani. Hawe, yaani nyanya yangu, hakutoa hadithi mchana hata ukimlilia. Alingoja giza, na giza halikumchelewesha hata siku moja.

Oulu iko digrii 65 kaskazini. Karibu na tarehe 21 Juni mchana wake hufika saa 22 hivi. Jua huzama baada ya saa sita usiku, likajificha muda mfupi, kisha hilo linachomoza tena, na katikati hapo hakuna giza. Mbingu hubaki na mwanga wa kutosha kusomea gazeti. Kilichonishangaza zaidi kilikuwa njia ya jua lenyewe. Kwetu hupanda juu na kushuka chini. Kule hutembea kwa mshazari, linazunguka juu ya misonobari kutoka upande hadi upande, na hata saa sita ya mchana halikaribii utosi. Kivuli hakikusanyiki kamwe. Kinakuzunguka siku nzima kikiwa kirefu, na mtu aliyezoea kusoma saa kwenye kivuli chake hubaki hajui aulize wapi. Sababu ni kule kuinama kwa dunia, digrii 23 na nusu hivi, ambako sisi wa ikweta hatukuhisi. Ukienda kaskazini ndiko kunakoamua kila kitu: Desemba mchana wa Oulu hunywea hadi saa tatu na nusu hivi, na Juni hurudishiwa deni lote kwa mkupuo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kiangazi kikifika, Ufini husogeza saa zake mbele, nazo zikawa sawasawa na saa za Kenya. Nikimpigia mama simu ya video saa tatu usiku, kwake ni saa tatu na kwangu ni saa tatu. Yeye ameketi mkekani, taa ya sola imetundikwa mlangoni, uso wake nauona nusu, na nyuma yake vyura wa ziwa la Jilore wanapiga kelele gizani. Mimi niko kwenye kibaraza cha ghorofa, jua limenipiga usoni, na watoto wa jirani wanaendesha baiskeli chini.

“Mwanangu, huko ni saa ngapi?”

“Ni saa tatu, mama. Kama hapo.”

Hunyamaza akitazama mwanga ulioko nyuma yangu. “Haya, lala. Usidanganywe na jua.”

Kulala kwenyewe ni kazi. Mwili hutoa homoni ya usingizi, melatonini, giza linapoingia, na mwanga ukiingia machoni huizuia. Mwili uliokulia ikweta umeletewa giza kila siku kwa wakati wake bila kuliomba. Kule inakupasa ulitengeneze. Unanunua mapazia mazito, unayabana pembeni mwanga usipenye, unajifunga kitambaa machoni, unalala saa nne ya usiku huku ndege wakiimba. Nawafikiria sana Waislamu wa pwani walioko kule. Ramadhani za 2015 na 2016 ziliangukia Juni na Julai, na wanazuoni walilazimika kutoa ruhusa kwamba palipo na mchana usioisha watu wafuate saa za Makka, au za mji ulio karibu ambao usiku wake unatambulika. Ruhusa hiyo ni rehema kubwa. Lakini aliyekulia Malindi, akazoea adhana ya magharibi kuufuturisha mtaa mzima kwa pamoja, anapofungua saumu peke yake kwa ratiba ya simu na jua likiwa dirishani, kuna kitu amekikosa ambacho fatwa haiwezi kumrudishia. Usiku wa kwetu huwaingilia watu wote kwa mara moja. Wa kule kila nyumba ina wake, na mwisho wake ni kwenye pazia.

Halafu kuna joto. Wenzangu kazini huniambia, na nia yao ni njema, kwamba mimi joto nimelizoea. Joto lao sijalizoea. Nyumba yetu ya udongo na makuti imejengwa ili itoe joto: paa linapitisha hewa, mlango umeelekea upepo, na kusi likivuma Juni na Julai, usiku unatafuta shuka ya pili. Nyumba ya Ufini imejengwa ili ishike joto. Madirisha ni ya vioo vitatu, kuta ni nene, na Januari unamshukuru fundi. Julai joto likishaingia halina pa kutokea, na jua la karibu usiku kucha haliipi nyumba nafasi ya kupoa. Mwaka 2025, kuanzia katikati ya Julai, Ufini ilipata siku 22 mfululizo ambazo mahali fulani nchini kipimo kilipita nyuzi 30. Kwa mtu wa Malindi nyuzi 30 ni siku ya kawaida. Kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi zilikuwa siku za kuzunguka vitandani na vikombe vya maji, kulowesha taulo na kuwawekea wazee shingoni, kuwavua soksi ambazo wamezoea kuzivaa mwaka mzima, na kumbembeleza mtu wa miaka tisini anywe tena hata kama hana kiu. Uzee na joto la ndani havipatani, na wazee wale hawana mwembe wa kukimbilia.

Habari ya kivuli imenifundisha jambo jingine. Nilipokuwa mdogo, tukifika Malindi mjini tuliwaona Wataliani wamelala mchangani saa saba ya mchana, ngozi zimeiva, na tuliwahurumia kweli. Siku hizi nawaelewa. Siku ya kwanza yenye joto ya mwezi wa Mei, kituo cha basi cha Oulu kina pande mbili, ule wa jua na ule wa kivuli, na watu wote husimama upande wa jua, macho wamefumba, nyuso wameziinua juu. Wanaunywa ule mwanga kama mtu aliyefika kisimani baada ya safari. Mimi hujikuta peke yangu upande wa kivuli. Miezi mingi ya mwaka mwanga kule ni adimu, adimu kiasi kwamba tangu 2003 maziwa yao huongezwa vitamini D kwa kuwa jua la majira ya baridi halimtoshi mtu. Mtu aliyeishi hivyo ukimwona mchangani Malindi hapo Januari, hana wazimu. Amekuja kuchukua alichonyimwa.

Lakini haya yote, usingizi, joto na kivuli, mwili huyazoea taratibu. Lililonikaa moyoni ni lingine: ikifika Julai, mji hupotea.

Sheria ya likizo ya Ufini inataka sehemu kubwa ya likizo ya mwaka itolewe kati ya tarehe 2 Mei na 30 Septemba, na watu wengi huchagua Julai. Ukimwandikia mtu barua pepe unajibiwa na mashine kwamba atarudi Agosti. Mikahawa midogo inaweka karatasi mlangoni. Mitaa inakuwa na jua tu. Nchi yenye watu milioni 5.6 ina nyumba za mapumziko zaidi ya 500,000, nyingi ukingoni mwa ziwa au bahari; kwa lugha yao nyumba hiyo huitwa mökki, na huko ndiko waliko wote. Ukitaka kujua waliobaki ni nani, panda basi la saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Utawakuta Wanepali, Wafilipino, Wasomali, Wanaijeria, na sisi Wakenya. Watu wa usafi, wa jikoni, wa kuhudumia wagonjwa, tunaoshika zamu za walioondoka. Kwa mwanafunzi na kwa mgeni mpya Julai ndiyo mwezi wa kupata kazi, na pesa zake hulipa karo na kujenga nyumba huku nyumbani. Sidharau hilo hata kidogo. Ila majira ya baridi kila mtu amejifungia kwake, mwenyeji na mgeni, na upweke tunagawana sawa. Kiangazi ndipo inapojulikana nani ana kwao na nani hana.

Kwa miaka kadhaa niliitazama mökki kama anasa ya watu wenye pesa. Nilidhani ni kama zile nyumba kubwa za ufukweni Malindi zenye mlinzi getini na bwawa la kuogelea. Kisha mwenzangu wa kazini akanialika Juhannus, sikukuu yao ya kilele cha mwanga, ambayo huangukia Jumamosi ya kati ya tarehe 20 na 26 Juni. Tulifika kwenye kibanda cha mbao. Ndani hakuna mfereji, choo kiko nje nyuma ya miti, maji ya kuoshea yanatekwa ziwani kwa ndoo, na moto ni wa kuni. Mama mkwe wake alikuwa amechutama kando ya maji akisugua viazi vipya kwa brashi, ngozi yake laini ikitoka yenyewe, ili avichemshe na majani membamba yenye harufu kama ya shamari. Wanaume walikuwa wakibadilisha mbao zilizooza za gati. Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na alama za kisu, moja juu ya nyingine, za urefu wa watoto wa vizazi vitatu, na mwenzangu alinionyesha ya kwake akiwa na miaka sita. Jioni tulioga sauna, tukala, wakawasha moto mkubwa ufukweni, na mazungumzo yote yalikuwa ya watu waliokufa: babu aliyejenga kile kibanda, shangazi aliyezama, yule mjomba aliyekwenda Uswidi.

Nikiwa pale nikaitambua. Ile ilikuwa Desemba ya kwetu. Mtu ana nyumba Mombasa, ina stima na mfereji, lakini Krismasi ikikaribia anajibana kwenye matatu na mabunda yake mpaka Jilore, kuja kuteka maji, kubadilisha makuti yaliyochakaa, kumwonyesha hawe wajukuu waliozaliwa mbali, na kwenda kutazama walikozikwa mababu. Hapumziki, anafanya kazi kuliko alivyofanya mjini, na anarudi kazini amepona. Wafini nao ni watu walioacha mashamba juzi tu. Miaka ya 1960 na 1970 vijiji vyao vilimwaga watu mijini, na mamia ya maelfu wakavuka kwenda viwanda vya Uswidi. Kila Julai walirudi. Waliobaki na kipande cha ardhi ya babu wakajenga hapo, wasiokuwa nacho wakanunua kando ya maji yoyote. Nilipoelewa hivyo, hasira niliyokuwa nayo na ule mji mtupu iliniisha. Hakuna aliyenikimbia. Watu walikuwa wamekwenda kwao.

Kwenye makao yetu kuna bibi mmoja aliyenielewesha upande wa pili. Alizaliwa Karelia, sehemu ambayo Ufini iliipoteza kwa Umoja wa Kisovieti vitani, na watu zaidi ya 400,000 wakahamishwa kwenda kuanza upya katika sehemu nyingine za nchi. Yeye alikuwa mtoto, alibebwa na treni pamoja na ng'ombe. Julai, jamaa wakija kuwachukua wazee wengine kwa siku moja ya ziwani, yeye hubaki, nami nipo zamu. Aliniambia kwamba walikopelekwa, watoto wa shule waliwacheka matamshi yao, na kiangazi kila jirani alikuwa na ufukwe wake isipokuwa wao. Mama yake akawachukua na ndoo akawapeleka msituni, kwa sababu msitu, alisema, haumwulizi mtu ametoka wapi.

Hili si la maneno tu. Kwa desturi ya Ufini, iliyo na nguvu ya kisheria, mtu yeyote, mwananchi au mgeni, anaweza kutembea katika msitu wowote, hata wa mtu binafsi, akachuma matunda ya porini na uyoga bila kuomba wala kulipa, na akitaka akauze. Aliyezaliwa Jilore hawezi kulisikia hilo akalipita. Sisi ni majirani wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, na kituo cha walinzi wa msitu kiko papo hapo Jilore. Tumekua tukijua kuni zina kibali na mtego una kesi. Sipingi ulinzi, msitu ule una bundi na panya-tembo ambao karibu hawaonekani popote pengine duniani, na ungeachwa wazi ungekuwa umekwisha. Lakini nasema wazi kwamba mtu asiyeruhusiwa kuingia hujifunza kuuona msitu kama mali ya serikali, na mapenzi hayaoti hapo. Mradi wa Kipepeo ulioanza Gede mwaka 1993 ulilijua hilo: familia za ukingoni zikafundishwa kufuga vipepeo wa msituni, na wakiwa bado kwenye vifuko vyao husafirishwa nje kwenda kuanguliwa kwenye nyumba za vioo zilizopashwa moto. Vipepeo wetu walitutangulia Ulaya, na wao walijengewa hali ya hewa yao.

Mimi nilikwenda kwa miguu yangu, na buti za mpira. Tunda ninalolipenda linaitwa hilla. Huiva mwishoni mwa Julai kwenye vinamasi, rangi yake ya dhahabu iliyofifia, na kila shina hubeba tunda moja tu. Unainama, unachuma moja, unang'oa mguu kwenye ardhi laini iliyojaa maji, unapiga hatua, unainama tena. Ndoo haijai upesi. Mbu ni wingu. Mwanzoni kila kuumwa kulinitia hofu, maana kwetu mbu ni malaria na malaria ni msiba. Ufini nako malaria iliwahi kuwapo, ikaisha karne ya 20. Siku hizi mbu wa kule wanakuachia mwasho tu, na nimejifunza kujikuna bila kuogopa. Huko kinamasini ndiko kiangazi cha kule kilikoanza kuwa changu. Sina ziwa, sina gati, sina alama kwenye mwimo wa mlango, lakini ninajua mahali ambapo hilla huiva, na nimepajua kwa kupatembea.

Mwaka huu nimeomba likizo ya Julai, mara ya kwanza. Msimamizi wangu aliuliza kama nakwenda mökki. Nilimjibu ndiyo. Haya nayaandika nikiwa Jilore, kusi linavuma, mahindi ya mwaka yameshavunwa na kila asubuhi tunakaa kumenya na kupukuchua mpaka vidole vinauma. Paa la jikoni linavuja na makuti mapya yameshaletwa. Jana nilitumwa na mama kupeleka nusu debe kwa jirani ambaye Sabaki ilimchukulia shamba wakati wa mafuriko ya El Nino mwishoni mwa 2023. Sijawahi kuishi kiangazi cha Kifini sawasawa kama ninavyokiishi hapa, kilomita maelfu kutoka Ufini.

Zamu zangu amezichukua msichana wa Kwale aliyefika Oulu majira ya baridi yaliyopita. Nimemwachia ufunguo wa chumba changu, mapazia, buti na ndoo. Nimemchorea pia njia ya kufika kwenye kinamasi changu, siri ambayo Mfini hamwambii hata shemeji yake, na nimemwomba kopo la kwanza ampelekee yule bibi wa Karelia. Aende baada ya tarehe 25, akitoka zamu ya mchana, na asiharakishe. Hata akichuma mpaka saa nne, atarudi na mwanga.